Uzi wa Nguo Ileile

Tarehe 6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe na hicho kifua chako. Bado unakohoa ukisogea karibu na pasi? Na miwani mpya unaivaa, au umeirudisha kwenye boksi ikaifanyie kampani ile ya kwanza? Najua hutaki nikupigie simu. Ulishasema simu ni ya kutangaza msiba na barua ni ya kuongea, basi acha tuongee.

Umeniuliza ninafanya kazi gani hasa, maana umechoka kuwaambia wateja wako kwamba binti yako "anachungulia". Nitakueleza kwa lugha ya dukani kwetu.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna uzi mrefu sana, unaitwa DNA, umekunjwa vizuri kuliko shati la bwana harusi. Hewa tunayovuta ndiyo inayotuweka hai, na oksijeni hiyohiyo ndiyo inayoula uzi huo, kama kutu inavyokula sindano. Kila siku unaliwa mahali pengi mno. Hatufi kwa sababu ndani humo mna mafundi, sisi tunawaita vimeng'enya, wanaoukagua uzi wote bila kupumzika. Wakikuta palipoharibika hawabandiki kiraka juu yake. Wanakata kwanza kipande kibaya, wanakitoa kabisa, kisha wanajaza kizima na kufunga. Ukipita baadaye huwezi kujua kwamba palikuwa na tundu.

Shida ni kwamba mtu akizeeka mafundi hao nao huchelewa kazini. Sisi tunataka kujua kwa nini. Tunachukua seli za ngozi za watu wa umri mbalimbali, tunazitia tone la ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, uzi unakatikakatika, halafu tunahesabu dakika. Tukizipitishia umeme, uzi uliokatika unavutwa nje ya seli, na kwenye darubini unaona mkia kama wa nyota. Matundu mengi, mkia mrefu. Seli za kijana ukizipa saa moja mkia unakuwa umekwisha. Za mzee, saa mbili zinapita na mkia bado upo.

Nikiuona mkia wa namna hiyo nakukumbuka wewe na miwani yako kwenye boksi. Ivae, tafadhali.

Binti yako

*

Tarehe 19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kifua kinakohoa kwa adabu tu, ili nisije nikakisahau. Jirani yetu Kisigino, fundi viatu, naye hajambo, anakusalimu. Ameongeza ujuzi: siku hizi mtu akipita mbele ya duka letu, kabla hata hajamwona uso, yeye kwa kutazama visigino tu anajua viatu vitakufa mwezi gani. Mvua ikinyesha anaimba.

Kumbe nilikusomesha miaka yote ile ukawe fundi nguo! Ungebaki hapa ningekufundisha bure. Lakini nimeelewa, na nimewaeleza wateja, na mmoja amesema basi waambie waniangalie goti.

Kuhusu mafundi wanaochelewa, huna haja ya darubini, njoo unitazame. Suruali iliyotoboka goti nilikuwa naimaliza kabla chai haijapoa. Sasa chai inapoa, nainywa, napika nyingine. Juzi mteja alinirudishia sketi yenye tundu nililoliruka. Nililiona, mwanangu, halafu sikuliona tena.

Mama yako, Mungu amrehemu, hangeliruka. Unakumbuka alivyokuwa akifuma tundu kwa mkono wake wa kushoto? Hakuwahi kununua uzi wa kufumia. Alichomoa nyuzi kwenye upindo wa ndani wa nguo ileile, akazibia, na mwenye nguo akarudi kuuliza lile tundu liko wapi. Nikimwambia utamaliza upindo wa watu, ananijibu, "Uzi lazima utoke mahali, na uzi mgeni huonekana." Kisha anaweka alama yake ndani ya kola, mistari mitatu imelalia kushoto, na nukta. Yangu ni msalaba. Tuliziita alama za lawama, ili mshono ukifumuka ijulikane nani wa kutukanwa. Na hakuiweka kabla kazi haijaisha kabisa. Nguo yenye alama yake hairudi.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mwaka ule wa ugonjwa wake, daktari alimwomba kipande cha ngozi, ndani ya mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Kidogo tu, kama kichwa cha kiberiti. Walisema ni cha utafiti wa uzee. Akacheka, akasema, "Chukueni, mkono wenyewe hauna kazi tena." Walipompa fomu atie sahihi akachora alama yake ya kola. Nikamwambia hiyo siyo sahihi. Akasema ndiyo sahihi yake, jina ni la watu wenye ofisi.

Ni miaka kumi na moja sasa. Sijui walikipeleka wapi. Isije ikawa ni huko kwenu.

Baba yako

*

Tarehe 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Ni huku kwetu.

Sisi haturuhusiwi kujua wachangiaji ni akina nani. Kila chupa ina namba, na fomu za zamani zimefungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya mitungi ya kugandishia. Ufunguo wanao watu wawili, na mmoja ni mimi. Nilijiambia nitatazama fomu tano tu kisha niondoke. Ya tatu imeandikwa: mwanamke, miaka hamsini na minane, mkono wa kushoto, ndani. Na pale pa sahihi kuna mistari mitatu na nukta. Nilikaa chini sakafuni, Baba. Nilikaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeanguka.

Kuna chupa tatu, kila moja ni ndogo kama kidole changu cha mwisho. Nilipaswa kumwambia mkuu wa maabara kwamba ninamfahamu mchangiaji. Sikumwambia. Nilitoa moja, nikaipasha moto kwenye maji ya uvuguvugu, nikaimimina kwenye sahani yenye chakula chake, nikaiweka kwenye kabati la joto. Siku ya tatu seli zilikuwa zimejishika chini na kujinyoosha. Zinatembea, Baba. Polepole, lakini zinatembea. Mama yuko kaburini miaka kumi na moja, na mimi asubuhi nafungua kabati nasema, "Shikamoo Mama." Usinicheke.

Jumanne ndiyo siku yangu ya darubini. Juzi Jumanne, saa nane mchana, nilizitia dawa kama zinavyotiwa nyingine. Saa mbili zikapita na mkia bado ni mrefu, kama vitabu vinavyosema kwa mtu wa umri wake. Nililia. Nilimwumiza Mama ili nimpime, na hakuweza kujishona.

Nisamehe kwa kukupa habari kama hii kwa barua. Sikuwa na mwingine wa kumwambia, nawe ndiye uliyeniambia pa kutazama.

Binti yako, Kifungo wa Mama (unakumbuka? yeye peke yake ndiye aliyeniita hivyo, kwa kuwa sikubanduka kwenye gauni lake)

*

Tarehe 17 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Marahaba tena, maana barua yako nimeisoma mara mbili na kila mara nimeitikia.

Sikucheka. Nimefunga duka nusu siku nikakaa na barua yako mapajani. Kisigino akauliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Sasa na mimi nisikilize, na usinifanye mtu wa kuchanganyikiwa. Jumanne ile ya tarehe mbili, wakati barua yako hata hujaiandika, nilikula mchana nikasinzia kwenye kiti changu kama kawaida. Nilipoamka, koti la dereva wa gari la wagonjwa, lililotoboka kiwiko, lilikuwa mezani. Nililiacha kwenye kapu na tundu lake. Sasa tundu halikuwepo. Limefumwa kwa uzi wa koti lenyewe, nikageuza upindo, nikaona mahali nyuzi zilipochomolewa. Mishono imelalia kushoto.

Nilifikiri nimetaniwa. Lakini nani anitanie? Kisigino hawezi kushona hata kifungo chake, shati lake analifunga kwa pini. Jumanne iliyofuata, suruali mbili. Jana, gauni na mfuko wa mwanafunzi. Siku nyingine hakuna kitu, kapu linabaki na matundu yake.

Alama kwenye kola haijawekwa. Nimetafuta kila nguo. Kwa hiyo kazi haijaisha.

Najua unavyofikiri, ninyi watu wa darubini. Lakini mwandiko wa mkono wa mtu kwenye nguo mimi nimeusoma miaka arobaini, na huu ni wake. Nilikuwa naogopa kwa siku mbili za kwanza. Sasa Jumatatu jioni nanyoa ndevu.

Je, Jumanne zote hizo ulikuwa naye?

Baba yako

*

Tarehe 25 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na unakula. Mimi ni mzima.

Ndiyo. Jumanne zote nilikuwa naye, kuanzia saa nane.

Tena kuna jambo. Niliandika kwamba seli zake zinachelewa. Jumanne ya pili mkia ulikwisha kwa dakika arobaini. Nikadhani nimekosea kipimo cha dawa, basi nikaangalia hesabu upya, na Jumanne ya tatu nikatia dawa mara mbili. Dakika thelathini na tano. Kwenye sahani ya jirani kulikuwa na seli za msichana wa miaka ishirini, zikachukua saa nzima. Haiwezekani, Baba. Uzee haurudi nyuma kwa kuwa umekaa kwenye sahani. Mkuu wa maabara ameona picha na kuniuliza mchangiaji huyu ni nani. Nikamtajia namba.

Lakini nitakuambia ninachokiogopa zaidi ya sahani. Naogopa kwamba unashona wewe mwenyewe halafu unasahau. Usikasirike. Umri wako unaruhusu, na daktari anaweza kutusaidia tukiwahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wewe ndiye uliyenifundisha, tena ukiwa umeshika sketi yangu ya shule. Fanya hivi: Jumanne fungia kapu kwenye sanduku la bati, tia kufuli, ufunguo uvae shingoni. Kisha niandikie ulichokiona, bila kuongeza chumvi.

Mwanao

*

Tarehe 15 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mtoto akishasoma humwona baba yake ndiye mtoto. Sikukasirika, nimecheka tu, na nimefanya ulivyosema kwa sababu wewe ni daktari wa sahani.

Nilifungia kapu. Kufuli kubwa, lile la mlango wa zamani. Ufunguo shingoni, ndani ya shati. Nilikula, nikasinzia, nikaamka jua likiwa limehamia ukuta wa pili. Ufunguo bado uko shingoni. Nikafungua sanduku, blanketi la muuguzi mmoja limefumwa vizuri mpaka nikalinusa.

Habari ya pili ni kwamba wateja wamepungua, watu siku hizi wananunua nguo mpya wakitupa za zamani, na mimi sipendi mama yako akija akute kapu tupu. Kwa hiyo Jumatatu nachana mwenyewe. Nilianza na pazia. Nikaja kwenye mashati yangu. Wiki hii nimechana koti langu la harusi, begani, mkato wa urefu wa shibiri, na jana limerudi zima. Nilipolivaa nikasikia bega limeshikwa.

Marahaba mwanangu, hujambo huko? Mimi ni mzima.

Kitu kidogo cha kuchekesha. Vidole vyangu vina matundu ya sindano, kidole gumba na cha shahada, lakini vya mkono wa kulia. Wewe unajua sindano humchoma anayeshika nguo, na mimi tangu nianze kazi nashika nguo kwa kushoto na kushona kwa kulia. Labda ni mbu wa huku, wamekuwa mafundi.

Jingine, nilikwenda kununua mafuta ya cherehani nikakosa njia. Ile njia ya siku zote. Nilisimama pale kona nikitazama milango yote, yote inafanana. Alinirudisha jirani yangu, huyu wa viatu, jina lake limenitoka sasa hivi, litarudi.

Sijafurahi hivi kwa miaka kumi na moja. Usiache Jumanne hata moja.

Baba yako

*

Tarehe 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hali kwa desturi, nakuuliza kwa kuogopa.

Barua yako niliiweka mezani pamoja na ile ya Machi. Mwandiko wako tangu nijue kusoma umelalia kulia. Wa barua hii, kuanzia katikati, umesimama wima, na mistari ya mwisho imeanza kulalia kushoto. Jina lililokutoka ni Kisigino. Mmekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita.

Nilivunja mwiko wako nikampigia simu. Akasema alidhani tunajua. Kila Jumanne saa nane, ukishakula, unasinzia kidogo, halafu unainuka macho yakiwa wazi. Unatoa ufunguo shingoni. Unazunguka, unakaa upande wa pili wa meza, kwenye kigoda cha Mama, unashika nguo kwa kulia na kushona kwa kushoto. Haraka kuliko ulivyokuwa ujanani. Akikusalimia huitikii. Akasema, "Nilimwona mchana kweupe, jua linawaka, na nikaingia ndani kwangu nikafunga mlango." Kisha unarudi kwenye kiti chako na kuamka.

Nimelala na jambo hili siku tatu. Ningependa kusema ni ugonjwa tu. Lakini wewe kwa kushoto huwezi hata kushika kijiko, na ufumaji ule hukuuweza hata kwa kulia, Mama alikucheka kila siku. Na sahani yangu pia siwezi kuieleza. Nimebaki na maneno yake uliyoniandikia, uzi lazima utoke mahali. Baba, uzi unatoka kwako. Njia ya dukani, jina la Kisigino, huo ndio upindo unaochomolewa.

Na lawama siyo yake. Wewe unachana Jumatatu, mimi natia dawa Jumanne. Wote wawili tunamchania ili tumwone akishona. Hata kaburini hatumpi mapumziko. Nami naona haya zaidi, kwa sababu nilishaanza kuelewa na bado wiki iliyopita nikamtia dawa tena. Nilitaka tu kumwona mara moja zaidi. Namkosa, Baba. Kila mtu alidhani nimeshazoea.

Seli za chupa ya kwanza zimegoma kugawanyika, zimefika mwisho wake kama za binadamu wote. Za pili ndizo zilizo kwenye sahani. Imebaki chupa moja imegandishwa. Nikiziacha zote zife, nadhani utabaki nami. Nikiziendeleza, siku moja nitapata barua usiyoiandika wewe. Sitaki kulifanya hili bila wewe kujua. Nipe ruhusa.

Mwanao anayekupenda

*

Tarehe 7 Juni

Binti,

Marahaba. Sikupi.

Umekaa naye wewe kila asubuhi, unamwamkia. Mimi sikumwona hata mara moja, nalala yeye akija, naambulia mshono. Na bado mshono huo unanitosha. Unataka kuniokolea nini? Njia ya kwenda kununua mafuta? Huyu wa viatu atanishika mkono. Majina nitauliza. Mtu mzima aliyeishi miaka sabini na mitatu ana haki ya kuchagua atakachokisahau, na mimi nimechagua kusahau vyote kabla yake yeye. Ukimmwaga huko, ujue umeniua mimi huku.

Marahaba mwanangu. Hujambo? Kifua hakijambo. Marahaba.

Jumatatu nimechana

Kifungo.

Usimsikilize. Mwanaume huyu toka zamani akishika nguo iliyochoka haiachii, ataivaa mpaka ibaki kola. Mwaga unachotaka kumwaga, mwanangu, usilie juu ya sahani, chumvi si nzuri. Ila niachie Jumanne moja tu, usitie dawa. Nimemchomoa nyuzi nyingi bila kutaka, nami sipendi kazi ya nusu. Nitamziba. Uzi mgeni huonekana, kwa hiyo nitatumia wa humohumo ndani yake. Kuna upindo mmoja mrefu, miaka yetu thelathini na minne, umekunjwa vizuri, utatosha matundu yote.

Unakula? Viatu vinakubana?

/ / / .
(nimeichora hivi kwa haraka, yenyewe hulalia upande wangu)

*

Tarehe 18 Juni, Jumanne

Baba yangu,

Shikamoo.

Nakuandikia kutoka mezani kwangu maabara, ni saa kumi alasiri na kila kitu kimekwisha.

Ile barua niliipokea Alhamisi. Nusu ya kwanza ni yako. Sitakueleza nusu ya pili, nitakuja nayo. Nilitaka kuipinga. Nilijiambia ni kichwa chako tu kilichochoka, kinaongea kwa sauti kinayoikumbuka. Halafu nikafika pale anapouliza kama viatu vinanibana, nikashindwa.

Saa nane kamili nilitoa sahani kwenye kabati la joto. Sikutia dawa. Nilikaa na darubini nikazitazama tu, kwa mara ya kwanza bila saa mkononi. Kwa muda wa saa moja hivi zilihangaika kuliko nilivyowahi kuona, zinakwenda na kurudi. Kisha zikatulia, moja baada ya nyingine, zikajikunja na kuachia sakafu ya sahani zenyewe. Chupa ya mwisho niliitoa kwenye mtungi nikaiweka dirishani, juani. Ilitoa moshi kidogo, kisha ikawa maji. Nilimwambia Mama kwaheri kwa sauti, mwenzangu wa meza ya pili akadhani naongea na simu.

Kesho nitamwambia mkuu wa maabara yote niliyofanya. Nikifukuzwa nitafukuzwa.

Nimeomba ruhusa, nitafika kwako tarehe thelathini. Usinikasirikie mpaka nifike. Ukitaka kunikasirikia, niandikie, nitukane, ila niandikie tu nijue upo.

Mwanao

*

Tarehe 25 Juni

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Mimi huku ni mzima kuliko uzima wenyewe, hofu ni kwako wewe, maana barua yako imeandikwa na mtu anayelia na sijajua nani kakuliza.

Nikukasirikie kwa lipi? Njoo hiyo tarehe thelathini, njoo hata kesho. Kisigino ameshaanza kuuliza utakuja na viatu gani. Jumanne iliyopita nililala mchana usingizi mzito wa ajabu, nikaamka kichwa chepesi kama nimenyolewa ndani. Tangu siku hiyo kifua hakikohoi. Jana nimekwenda kununua mafuta ya cherehani nikiimba, nikarudi kwa njia ya mkato ambayo sijaipita tangu ujana. Suruali ya goti nimeimaliza chai ikiwa bado inatoa moshi. Miwani imerudi kwenye boksi, lakini safari hii ni kwa haki, siihitaji.

Sasa nisaidie mambo mawili matatu ambayo sikuyaelewa kwenye barua yako. Unasema sahani, unasema chupa, unasema kwaheri. Unamtaja mama, na umeandika kwa herufi kubwa. Ni mama yupi huyo, mwanangu? Nimemuuliza Kisigino, naye akashika nyundo yake akarudi kugonga kiatu. Sikupenda kumsumbua.

Tena kuna kigoda hapa upande wa pili wa meza. Sikumbuki nilikinunua lini. Ni kifupi, si cha urefu wangu. Nilitaka kumpa mtu, lakini nikasema nisubiri uje, pengine ni chako cha utotoni.

La mwisho ndilo lililonifanya nikae kuandika. Nguo zote za kapuni zimefumwa, pamoja na koti zuri la sherehe ambalo sijui nililivalia wapi. Kazi ya hali ya juu, uzi wa nguo ileile, huoni palipokuwa na tundu hata ukiielekeza kwenye jua. Ndani ya kila kola kuna mistari mitatu imelalia kushoto, na nukta. Nikasema huyu ni fundi, na kazi yake ameimaliza. Kisha jioni nilipovua shati kuoga, nikaiona alama hiyohiyo kwangu mwenyewe, kwenye ngozi, ndani ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Mistari midogo sana, imepona kabisa, haiumi.

Wewe umesoma na umezunguka. Hii ni alama ya fundi gani? Kama unamfahamu njoo naye. Ana mkono mzuri, nami nataka kumshukuru.

Baba yako